Kugeuza toki ya pauni-futi na kilogramu-mita kuwa nyutoni-mita: hesabu ipi ni sahihi, na kwa usahihi wa kiasi gani?

KarakanaMasindi aliandika:

Ndugu zangu mafundi na wahandisi, nawasalimu.

Ninasimamia karakana ndogo huku Masindi, na kazi yetu kubwa ni matrekta ya wakulima wa miwa na mahindi, injini za mashine za kusaga posho, na pikapu za Kijapani zinazopeleka mazao sokoni. Jambo ninalolileta hapa linahusu hesabu kuliko mikono, na ninaomba lijibiwe kwa kina, kwa sababu nina vijana wanaojifunza kazi kwangu na nisingependa wazoee jambo ambalo mimi mwenyewe sijalihakikisha.

Tunakaribia kufunga silinda hedi ya trekta la Kiingereza la miaka ya 1960, lenye injini ya dizeli ya silinda tatu. Kitabu chake kinaagiza nati za hedi zikazwe kwa 60 lbf ft, yaani pauni-futi, na kando yake, ndani ya mabano, kimeandika 8.3 kgf m, yaani kilogramu-mita. Spana ya toki, yaani ya kupimia nguvu ya kukaza, tuliyo nayo ilinunuliwa Kisenyi, Kampala, na ilikuwa na mistari ya vipimo viwili, lakini mistari ya pauni-futi imefutika kwa kutumika, ikabaki ile ya nyutoni-mita peke yake. Niliwapa vijana kazi ya kugeuza hesabu nikapata majibu yasiyolingana. Mmoja alizidisha 60 kwa 1.4 akapata 84. Wa pili alitafuta kwenye simu akaniletea 81.349074. Wa tatu aliacha pauni kabisa, akachukua zile 8.3 za kwenye mabano na kuzizidisha kwa kumi, akapata 83.

Naomba kujua ni lipi kati ya hayo ninaloweza kulitegemea, na kama desimali zile nyingi zina maana yoyote kwa mtu anayekaza nati. Naomba pia kufahamu kama kuna tofauti kati ya lb ft na ft lb, kwa sababu kitabu kinaandika hivi na spana iliandikwa vile, na kwenye ukurasa mwingine wa kitabu hichohicho kuna lb in. Tena, kilo ni kipimo cha uzito wa kitu. Inawezekanaje itumike kupimia nguvu ya kukaza?

---

MhandisiJinja alijibu:

Ndugu yangu wa Masindi, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea.

Toki ni zao la vitu viwili: nguvu inayovuta mkono wa spana, na umbali kutoka katikati ya nati hadi pale nguvu hiyo inaposhika. Kitabu kinaposema 60 lbf ft kinataka nguvu iliyo sawa na uzito wa pauni 60 ivute mahali palipo futi moja kutoka katikati ya nati; ukishika mbali zaidi, kwenye futi mbili, pauni 30 zitafanya kazi ileile. Herufi f iliyo nyuma ya lb na ya kg ndiyo inayokujulisha kwamba hapo hatuzungumzii wingi wa kitu, bali nguvu ambayo dunia hukivuta kitu hicho kwenda chini. Vitabu vingi vya zamani viliiacha herufi hiyo vikaandika lb ft na kg m tu, kwa sababu fundi wa wakati ule alijua kinachokusudiwa. Nyutoni, ambayo ilipewa jina hilo rasmi mwaka 1948, ni kipimo cha nguvu tangu mwanzo na haihitaji herufi ya kuifafanua.

Ili kuihamisha nguvu ya kilo au ya pauni iwe ya nyutoni, ni lazima kukubaliana dunia inavuta kwa kiasi gani. Mkutano wa kimataifa wa vipimo wa mwaka 1901 uliweka thamani moja ya kutumiwa na wote, 9.80665, kwa hiyo kilogramu-mita moja ni nyutoni-mita 9.80665 kamili. Pauni nayo, kwa makubaliano ya nchi zinazozungumza Kiingereza yaliyoanza kutumika Julai 1959, ni kilogramu 0.45359237 kamili, na futi ni mita 0.3048 kamili. Ukizidisha namba hizo tatu, 0.45359237 kwa 9.80665 kwa 0.3048, utapata 1.3558179, na ukiizidisha kwa 60 unaifikia ile 81.349074 aliyoiona kijana wako kwenye simu. Ninakuonyesha inakotoka ili vijana wajue kwamba haikutokana na majaribio wala makisio: imejengwa juu ya viwango ambavyo watu wamekubaliana, na kila mtu akiikokotoa upya ataifikia hiyohiyo.

Kwa kazi ya karakana inatosha kuandika ukutani namba nne. Pauni-futi zidisha kwa 1.356, kilogramu-mita zidisha kwa 9.81, kilogramu-sentimita zidisha kwa 0.0981, pauni-inchi zidisha kwa 0.113. Zote zinakufikisha kwenye nyutoni-mita. Unaporudi nyuma, gawanya kwa namba hiyohiyo. Sioni sababu ya kuwakaririsha vijana orodha ya pili.

Sasa majibu ya vijana. Pauni-futi 60 ni nyutoni-mita 81.35, nawe utaiweka spana kwenye 81. Aliyepata 84 amezidisha karibu asilimia tatu na kidogo kwa kukimbilia 1.4, na aliyepata 83 amezidisha asilimia mbili kwa kuichukulia kilo kuwa nyutoni kumi. Hakuna aliyepotea kabisa, na nati isingekatika kwa jibu lolote kati ya hayo, lakini aliyezoea kuongeza asilimia tatu bila kujua ataongeza pia penye bolti isiyovumilia.

Huyo wa tatu, hata hivyo, amegusa jambo ambalo ningependa vijana wote walishike. Kitabu chako kimetoa kipimo kimoja kwa njia mbili. Zidisha 60 kwa 1.356, utapata 81.4, zidisha 8.3 kwa 9.81, utapata 81.4. Njia mbili zimekutana mahali pamoja, na kwa hiyo unajua kwamba umesoma vizuri, mchapaji hakukosea tarakimu, na uchafu wa oili haukugeuza 3 ikaonekana 8. Kila kitabu kinapotoa vipimo viwili, geuza vyote viwili kabla hujagusa spana. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia moja au mbili, simama utafute sababu.

Kuhusu maandishi: lb ft, ft lb, lbf ft na ft-lbs ni kitu kimoja kwenye kitabu cha ufundi wa injini, na mpangilio wa herufi haubadilishi chochote. Lb in ni jambo jingine kabisa. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo pauni-inchi ni sehemu moja ya kumi na mbili ya pauni-futi. Chukua bolti ndogo iliyoandikiwa 96 lb in: hizo ni pauni-futi 8, au nyutoni-mita 10.8 hivi, kiasi ambacho mtu hukifikia kwa mkono mmoja bila kujitahidi. Fundi akiisoma kama pauni-futi ataitafuta nyutoni-mita 130 kwenye bolti ya milimita sita, na bolti itakatika zamani kabla hajaifikia. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba hatari kubwa ya kazi hii haipo kwenye desimali, ipo kwenye jina la kipimo. Ukiisoma 60 ya pauni-futi kama 60 ya nyutoni-mita, umeiacha hedi ikiwa na chini ya robo tatu ya mkazo wake, na gasketi itaanza kupitisha maji au moto. Ukiiweka 81 kwenye mistari ya pauni-futi, umezidisha zaidi ya theluthi na umeanza kuzivuta stadi, zile nondo zenye nyuzi ambazo nati hufungwa juu yake.

Hakuna kijana anayepaswa kuandika namba ya toki kwenye daftari au kwenye kadi ya kazi bila kuandika kipimo chake pembeni. Namba 60 ikiwa peke yake haina maana.

---

FundiWaKatwe alijibu:

Ninaunga mkono aliyosema Mhandisi, nami nitaongeza juu ya vitabu vya Kijapani, kwa kuwa ndivyo tunavyovifungua zaidi huku Katwe.

Vitabu vingi vya magari ya Kijapani vya miaka ya 1970 hadi 1990, hasa vya Toyota, vilitumia kgf·cm, yaani kilogramu-sentimita, na ndiyo sababu mtu hukutana na namba kubwa kama 1050 akadhani ni bolti ya daraja. Japani ilibadilisha sheria yake ya vipimo mwaka 1992, na nguvu ya kilo ikaondolewa hatua kwa hatua hadi mwaka 1999, ndiyo maana vitabu vya baadaye vinaanza na N·m, yaani nyutoni-mita, na kuziacha kilo ndani ya mabano. Magari yanayoletwa kwetu yakiwa yametumika yamezaliwa pande zote mbili za mpaka huo, kwa hiyo fundi wa Uganda hana budi kuzisoma zote.

Hizo 1050 kgf·cm utazikuta kwenye nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo. Kwenda kilogramu-mita gawanya kwa mia: 10.5. Kwenda nyutoni-mita, zidisha 10.5 kwa 9.81: 103. Kwenye pauni-futi ni 76. Toyota yenyewe huzichapa namba hizo tatu pamoja, na ninawashauri wanaojifunza wazishike kichwani jinsi zilivyo, 1050, 103, 76, kwa sababu mtu akizijua hawezi tena kuchanganya ukubwa wa vipimo hivi vitatu. Akiona 110 kwenye nati ya gurudumu atatambua mara moja kwamba ni nyutoni-mita, na akiona 11 atajua ni kilogramu-mita.

Pale ambapo simu imezimika na hakuna umeme, nina njia ya kichwani ninayoiamini. Kutoka pauni-futi kwenda nyutoni-mita, ongeza theluthi: 60 na 20 ni 80. Kutoka nyutoni-mita kwenda pauni-futi, ondoa robo: 80 inakuwa 60. Njia hii hupungukiwa kwa chini ya asilimia mbili inapokwenda, na huzidi kwa kiasi hicho inaporudi. Kwa kilogramu-mita, zidisha kwa kumi kisha uondoe asilimia mbili. Kijana wa tatu alisahau tu hatua hiyo ya pili, kwani 83 ukiiondolea 1.7 inarudi 81. Ninaitumia njia hii kukagua jibu la simu, wala siitumii kufungia hedi.

---

KarakanaMasindi aliandika:

Ninawashukuru sana, Mhandisi na Fundi. Vijana wamezikokotoa zile namba tatu za 1959 na 1901 wenyewe kwenye ubao, wakafika 1.3558, na nimeona kwamba sasa wanaiheshimu namba hiyo kwa namna nyingine.

Yamebaki mambo mawili. Programu moja ya simu, unapochagua nyutoni-mita, inakupeleka kwenye jouli, ambayo ninavyojua ni kipimo cha nishati; je, programu hiyo inafaa kuaminiwa? Jambo la pili linanisumbua zaidi. Kama tumekubaliana kuweka 81 na kuziacha desimali, nitajuaje kwamba spana yenyewe, ambayo mistari yake nusu imefutika, inapoonyesha 81 inatoa 81? Hatuna chombo cha kuipimia hapa Masindi.

---

MwalimuWaUfundiMbale alijibu:

Ndugu wa Masindi, maswali yako yote mawili huulizwa kila muhula na wanafunzi wangu, na la pili ndilo lenye uzito.

Kuhusu jouli, ni kweli kwamba nyutoni mara mita hutoa jouli, na pauni-futi moja ya nishati ni jouli 1.3558, namba ileile. Kwa hiyo jibu la programu litakuwa sahihi kwa tarakimu. Lakini toki si nishati. Unaweza kuning'inia kwenye mkono wa spana iliyokwama kwa saa nzima, toki ipo muda wote, na hakuna kazi yoyote iliyofanyika kwenye nati. Nishati huanza kutumika nati inapozunguka: nyutoni-mita moja ikizungusha nati mzunguko mmoja kamili hutumia jouli 6.28, ambayo ni mara mbili ya pai. Kwa sababu hiyo wataalamu huandika toki kwa N·m na huepuka kabisa kuiita jouli, na ningependa vijana wako wafuate desturi hiyo tangu sasa.

Sasa desimali na spana. Spana ya toki ya mkono, ile inayotoa mlio inapofikia kiasi ulichoipangia, hata ikiwa mpya na nzuri, inaruhusiwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kukosea kwa asilimia nne juu au chini, na zile ndogo zisizozidi nyutoni-mita 10 huruhusiwa asilimia sita. Asilimia nne ya 81 ni zaidi ya 3. Maana yake ni kwamba spana bora kabisa uliyoiweka kwenye 81 inaweza kutoa chochote kati ya 78 na 84 na bado ikawa haina dosari. Mbele ya upana huo, zile 0.349074 hazina pa kushika.

Hata hivyo, isije ikaeleweka kwamba makosa madogo ya hesabu hayana neno kwa kuwa spana nayo inakosea. Makosa huongezana. Aliyeanza na 84 badala ya 81, akatumia spana iliyozidi asilimia nne, amefika 87, na kama nyuzi za bolti amezipaka oili ilhali kitabu kilitaka kavu, basi bolti imevutwa kuliko yeyote kati yetu angekubali. Hapa ndipo ninapotaka tuzungumze kwa undani, kwa sababu mafundi wengi hawaambiwi jambo hili. Kinachoifunga hedi si toki, ni mvuto uliomo ndani ya stadi au bolti baada ya kukazwa, na toki ni njia tu ya kuukisia mvuto huo. Katika toki yote unayoitia kwenye nati, karibu nusu huishia kwenye msuguano chini ya uso wa nati, karibu asilimia arobaini huishia kwenye nyuzi, na ni takribani moja ya kumi tu inayobaki kuivuta bolti. Ukipunguza msuguano kwa oili au grisi bila kitabu kukuagiza, sehemu iliyokuwa ikimezwa na msuguano inahamia kwenye bolti, na mvuto unaweza kupanda kwa robo au zaidi ingawa spana imelia palepale kwenye 81. Kutu na mchanga hufanya kinyume chake: spana inalia mapema, na hedi haijafungwa. Kwa hiyo kabla ya kuulizana juu ya tarakimu ya tatu baada ya nukta, piga nyuzi brashi ya waya, zipulize upepo, pitisha nati kwa vidole hadi chini, na usome kitabu kinataka kavu au oili. Kazi hiyo ya dakika chache inaleta usahihi mkubwa kuliko hesabu yoyote ya simu.

Spana yako inaweza kukaguliwa Masindi kwa jerikani na maji. Fungia ncha ya mraba ya spana kwenye vaisi, mkono wake ulale usawa, kisha pima kwa rula kutoka katikati ya mraba hadi katikati ya mshikio. Tuseme ni sentimita 40. Iweke kwenye 81, ning'iniza jerikani tupu mahali hapo kwa kamba, na umimine maji taratibu bila kutikisa hadi spana ilie. Kisha ipime jerikani na maji yake kwenye mizani ya sokoni. Kilo 20 kwenye umbali wa mita 0.40 hutoa 20 mara 9.78 mara 0.40, yaani nyutoni-mita 78.2, na spana yenyewe ina uzito unaovuta chini: ikiwa ni kilo 1.5, na ikisawazika sentimita 20 kutoka kwenye mraba, inaongeza karibu 2.9. Jumla ni 81.1. Kwa hiyo spana nzuri italia jerikani ikiwa karibu kilo 20, na ikilia popote kati ya 19.2 na 20.8 bado imo ndani ya ile asilimia nne. Ikilia kwenye kilo 17 au isilie hadi 23, iondoe kwenye kazi za hedi.

Mtaona nimetumia 9.78 na siyo 9.81. Ile 9.80665 ya mwaka 1901 ni thamani ya makubaliano, nayo hutumika daima katika kugeuza vipimo vya kitabuni. Lakini jerikani ya Masindi huvutwa na dunia ilivyo Masindi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, ile inayokatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, na sehemu kubwa ya nchi yetu iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Mambo hayo mawili huupunguza mvuto kidogo. Tofauti ni ya sehemu tatu katika elfu, haitamdhuru fundi yeyote, lakini mwanafunzi anayeielewa hatachanganya tena kilo ya wingi na kilo ya nguvu.

Kipimo cha jerikani kinakuonyesha tu kama chombo kimepotea. Mkitaka cheti, Shirika la Taifa la Viwango lina maabara ya upimaji Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Wapigieni kwanza mwulize kama wanapokea spana ya ukubwa wenu. Kwa matunzo ya kila siku, irudisheni spana kwenye alama yake ya chini kabisa mnapoiweka, ili springi isikae imebanwa, wala msiitumie kufungulia nati zilizokwama, na muiepuke katika sehemu ya chini ya mistari yake, hasa chini ya moja ya tano ya uwezo wake, kwa sababu huko usahihi unaoandikwa kwenye boksi haupo.

---

MekanikaLira alijibu:

Mwalimu amesema mengi ya maana, nami ninaomba kuongeza swali kwa niaba ya wanaofunga injini hizi za zamani. Kuna nati za hedi ambazo soketi haiingii, kwa kuwa zimezibwa na vishikio vya shafti ya roka au bomba, na fundi hulazimika kuunganisha kipande cha spana mdomo wazi mbele ya spana ya toki. Je, 81 inabaki 81?

Tena, je, ni sawa kubadilisha stadi za inchi kwa bolti za milimita zinazopatikana madukani, na kutumia toki ileile iliyogeuzwa?

---

MhandisiJinja alijibu:

Dada yangu wa Lira, nianze na la pili kwa sababu jibu lake ni fupi: hapana. Kugeuza toki kunabadilisha jina la kipimo tu, hakubadilishi bolti. Namba ya kitabu ilikokotolewa kwa kipenyo, nyuzi na chuma cha stadi ile. Stadi ya inchi 7/16 ina milimita 11.1, na haina pacha kamili kati ya bolti za milimita zinazouzwa kwa wingi. Mkilazimika kutafuta nyingine, angalieni alama za nguvu: bolti za inchi za daraja la 5 huwa na mistari mitatu kichwani, na ya milimita inayoikaribia ni ile iliyoandikwa 8.8. Isiyo na alama yoyote isiingie kwenye hedi.

Kuhusu kipande cha mbele, inategemea kimeelekea wapi. Kikirefusha spana kwa mstari ulionyooka, umbali kutoka kwenye nati hadi mkononi umeongezeka lakini spana haijui, na nati itapata zaidi ya unachosoma. Zidisha toki unayoitaka kwa urefu wa spana, kisha gawanya kwa urefu wa spana pamoja na kipande. Spana ya sentimita 40 na kipande cha sentimita 5: 81 mara 40, gawanya kwa 45, unaiweka spana kwenye 72. Kipande kikikaa kwa pembe mraba na mkono wa spana, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika na 81 inabaki 81. Ekstensheni ya kusimama, inayoshuka wima juu ya nati, haibadilishi kitu. Urefu wa spana upimwe kutoka katikati ya mraba hadi katikati ya mshikio, na mkono ushike hapohapo katika kila nati, kwa sababu ukiunganisha kipande kisha ukashika mahali pengine, ile 72 si sahihi tena.

Ndugu wa Masindi, mtakapofika kwenye hedi, kazeni kwa hatua tatu, mkianza katikati na kwenda nje kwa utaratibu uliochorwa kitabuni: 30, kisha 55, kisha 81, na kwa nati zinazohitaji kipande andikeni namba za pili pembeni kabla ya kuanza, yaani 27, 49 na 72.